Tangazo wamelipenda, jina la mtindi wamelisahau

SWALI: Natengeneza mtindi wa pakiti za nusu lita hapa Kiboriloni, Moshi. Nauza mjini, Boma Ng'ombe na kidogo Arusha. Wateja wa sokoni wanausifu kwamba ni mzito na hautengi maji hata siku ya tatu. Mwezi wa nne nilirusha tangazo la sekunde 60 kwenye televisheni ya taifa, mara kumi ndani ya wiki mbili, likala akiba yangu ya mwaka mzima. Watu wananisimamisha njiani: "Mama, tumeliona tangazo lako, yule mchekeshaji katuvunja mbavu." Nikiwauliza mtindi wenyewe unaitwaje, wanataja wa kampuni nyingine. Mauzo hayajasogea. Kijana mmoja ananiambia makampuni makubwa huficha picha zisizoonekana kwa macho ndani ya matangazo. Wenzetu hawa wananasaje watu? Na hili nililokwisha kulipia nilifanyeje? Nimeliambatanisha mlitazame.

JIBU: Mama, pole kwa hasara, ila picha ulizolipia ni safi na hazijapotea. Kasoro iko kwenye mpangilio, nayo inaonekana wazi ukilitazama tangazo na saa mkononi. Sekunde 9 za kwanza ni droni ikizunguka Mlima Kilimanjaro alfajiri. Kuanzia hapo hadi sekunde ya 41 mchekeshaji anakimbizana na ng'ombe. Kisha msimulizi anamimina kila kitu: protini, madini, usafi wa kiwanda, kikundi cha akina mama, bei, mahali unapopatikana. Pakiti inaingia sekunde ya 55, jina linatamkwa mara moja, namba ya simu inapita, basi. Katika sekunde 60, jina lako limepewa 3.

Kumnasa mtazamaji si kazi ngumu. Mchekeshaji wako ameiweza. Kazi ni kumfunga huyo aliyenaswa na jina moja na pakiti moja. Hakuna anayenunua mtindi akiwa kwenye kochi. Anaununua kesho yake saa kumi na mbili jioni, mbele ya friji ya duka, amechoka, mtoto anamvuta gauni, muuza duka anamsubiri ataje anachotaka. Tangazo linafanya kazi pale au halifanyi kabisa. Ndiyo maana matangazo ya wenzako wakubwa, ukiyachambua, karibu kila kilichomo kimewekwa kwa ajili ya zile sekunde chache za mbele ya friji, hata kile kinachoonekana kama mzaha.

Tuanze na kunasa. Binadamu ana mwitiko ambao mwanasayansi Ivan Pavlov aliueleza zaidi ya miaka mia iliyopita, na Mrusi mwenzake Evgeny Sokolov akauchunguza kwa undani baadaye: kitu kikibadilika ghafla, macho na masikio hugeukia huko kabla mwenyewe hajaamua kugeuka. Mkato wa picha, uso unaojitokeza karibu, sauti inayoanza bila taarifa, na hata ukimya wa ghafla, vyote huuamsha. Tangazo ni mfululizo wa vichokozi vya aina hiyo. Ila mwitiko huo huchoka haraka. Kichokozi kikirudi kwa mwendo uleule, baada ya mara chache ubongo unakipuuza, na hapo ndipo wahariri wengi vijana hukosea: wanakata picha kila nusu sekunde tangu mwanzo hadi mwisho wakidhani kasi ndiyo mvuto. Kwa chakula, sekunde 30 zinabeba vizuri picha 8 hadi 12. Zikizidi 20, mtazamaji anajua kwamba kuna kitu kimepita, lakini hajapata nafasi ya kukiweka kichwani.

Droni ya mlima haikuchokoza chochote. Mtu wa Moshi anauona Kilimanjaro bure kila asubuhi mawingu yakifunguka. Tena mlima ule uko kwenye chupa za maji, kwenye bia, kwenye kahawa na kwenye mabango ya watalii. Kupandikiza sifa za kitu kimoja kwenye kingine ni mbinu halali na ya zamani: onyesha theluji na chupa pamoja mara nyingi, chupa itaanza kuhisiwa baridi na safi. Lakini faida hiyo humwendea aliyeitumia kwa muda mrefu zaidi na kwa fedha nyingi zaidi. Wewe ukionyesha mlima kwa sekunde 9, unawakumbusha watu maji na bia za wengine.

Jambo la pili kuhusu kunasa: sikio linanaswa kabla ya jicho. Fikiria nyumba ya kawaida ya Pasua au Sakina wakati wa mapumziko ya tamthilia. Mama anarudi jikoni kugeuza ugali, baba anafungua simu, watoto wanaanza kugombana. Televisheni inaongea na ukuta. Anayewarudisha ni mlio, na mlio wenye nguvu ni ule unaotoka kwenye bidhaa yenyewe: pakiti inachanwa, mtindi mzito unadondoka kwenye bakuli, kijiko kinakwangua ukingo. Acha ukimya wa nusu sekunde kabla ya mlio huo. Kwa televisheni ya kwetu, inayokwenda fremu (picha tuli zinazofuatana) 25 kwa sekunde, nusu sekunde ni fremu 12 au 13 tu, lakini kati ya makelele ya matangazo mengine ukimya huo unasikika kama mtu aliyeita jina lako.

Upande wa pili kuna baa, hoteli, saluni na mabasi, ambako televisheni huwashwa na sauti ikazimwa. Huko jicho peke yake ndilo lililobaki. Basi kuna kipimo cha bure cha kufanya kabla hujamlipa mtu. Lisikilize tangazo ukiwa umeipa televisheni mgongo, kisha litazame sauti ikiwa imezimwa. Katika kila hali mtu asiyekujua aweze kusema ni mtindi na aweze kutaja jina. La kwako linashindwa kote: ukiligeuzia mgongo unasikia ng'ombe na kicheko, ukizima sauti unaona filamu ya mifugo.

Utaambiwa pia ongeza sauti ili lisikike kuliko mengine. Hapa pana ujanja unaoeleweka vibaya. Tangazo linaloonekana kupiga kelele mara nyingi halijazidi kilele cha sauti kinachoruhusiwa. Lililofanyika ni kubana tofauti kati ya sauti ndogo na kubwa, hivyo kila kitu kikawa karibu na kilele muda wote. Wananchi wa Marekani walilalamika hadi Bunge lao likapitisha sheria mwaka 2010, ikaanza kutekelezwa Desemba 2012, kwamba matangazo yasizidi sauti ya wastani ya vipindi. Ulaya nayo tangu 2010 ina kiwango chake, -23 katika kipimo kinachoitwa LUFS, ambacho hupima jinsi sikio linavyosikia na si kilele peke yake. Mwambie fundi wako wa sauti akupe mchanganyiko kwenye kiwango ambacho kituo husika kinataka. Waulize kabla, wengine wana chao. Akikupa uliobanwa sana, mitambo ya kituo inaweza kuushusha wote, na kilichobaki ni sauti bapa isiyo na pumzi, ule mlio wako wa kijiko ukiwa umefukiwa ndani yake.

Sasa maneno. Kiswahili cha matangazo, kikisomwa na mtu anayevuta pumzi, kinakwenda maneno 110 hadi 120 kwa dakika. Sekunde 30 ni maneno 55, na hapo muziki na mlio havijapata nafasi. Ukitaka tangazo lipumue andika 40. Ile sehemu ya msimulizi wako ina maneno zaidi ya 50 ndani ya sekunde 14. Hakuna sikio linalofuata. Ni kasi ileile ya "vigezo na masharti kuzingatiwa" mwishoni mwa matangazo ya simu, na pale wanakimbia kwa sababu hawana haja usikilize.

Vingi kati ya ulivyovitaja vinaweza kuondoka bila madhara. Mwaka 1941, tarehe 1 Julai, kituo cha WNBT cha New York kilirusha tangazo linalohesabiwa kuwa la kwanza la biashara kurushwa kihalali kwenye televisheni ya Marekani. Lilikuwa la saa za Bulova, kabla ya mchezo wa besiboli: picha ya saa juu ya ramani ya nchi, na sauti ikisema kwamba Marekani inakwenda kwa saa za Bulova. Sekunde 10. Bidhaa, jina, dai moja. Miaka iliyofuata Rosser Reeves, mtu wa matangazo wa New York, alilifanya hilo kuwa kanuni: kila tangazo litoe ahadi moja mahususi ambayo mshindani hatoi, na lisitoe ya pili. Peremende za M&M's zilipata kwake ahadi ya kuyeyuka mdomoni bila kuyeyuka mkononi, na watu bado wanaikumbuka.

Ahadi yako ni ipi? "Una protini" si ahadi, kila mtindi unayo. "Umetengenezwa kwa usafi" ni mbaya zaidi, maana inamfanya mtu awaze uchafu ambao hakuwa ameuwaza. Katika barua yako kuna sentensi uliyoipita haraka, kwamba wateja wa sokoni wanausifu kwa kuwa ni mzito na hautengi maji hata siku ya tatu. Hiyo ndiyo. Inaonekana kwa kamera, inaeleweka bila maneno, na mama yeyote aliyewahi kufungua pakiti akakuta maji juu na mabonge chini ataijua.

Kuhusu kushawishi kwenyewe, wanasaikolojia Richard Petty na John Cacioppo walieleza katika miaka ya 1980 kwamba watu hushawishika kwa njia mbili. Jambo likiwa zito kwao, kama mkopo wa benki au kiwanja, wanapima hoja. Likiwa dogo, wanaongozwa na ishara za pembeni: nani anasema, wengine wanafanya nini, limenivutia au halijanivutia, nimeshawahi kuliona. Mtindi wa nusu lita uko upande wa pili. Hakuna atakayelinganisha madini. Kwa hiyo nguvu iende kwenye ishara, nazo kwa bidhaa kama yako ni tatu tu zenye uzito: mazoea, tamaa ya mdomo, na watu wanaofanana na mtazamaji.

Mazoea ndiyo yenye nguvu kuliko zote, na wenye bidhaa ndogo hawaamini hivyo. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha mwaka 1968 kwamba kukiona kitu mara kwa mara, bila hoja yoyote na bila zawadi, kunatosha kumfanya mtu akipende kidogo zaidi. Mbele ya friji, pakiti ambayo jicho linaijua huhisiwa salama, na mnunuzi anadhani amechagua kwa akili. Lakini lazima kilichoonwa mara nyingi kiwe ni pakiti. Huyo mchekeshaji sasa anapendwa zaidi kuliko mwezi wa tatu. Mazoea yote uliyolipia amebeba yeye. Ukitaka kumtumia mtu maarufu, kanuni ni rahisi: asionekane hata sekunde moja akiwa hana bidhaa mkononi au mdomoni, na mzaha wake usieleweke bila bidhaa hiyo. Angekuwa ameuficha mtindi kwa mkewe, akabanwa na kijiko cheupe mfukoni, watu wangesimulia mtindi kila wanaposimulia kichekesho.

Jingo, ule wimbo mfupi wa tangazo, husaidia mazoea kwa sababu wimbo unajirudia wenyewe kichwani bila kukulipisha. Andikeni maneno kwanza, muziki uyafuate. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ma-ZI-wa. Mtunzi akianza na mdundo kisha akalazimisha maneno, pigo zito linaangukia "ma" au "wa", na sikio linasikia neno lisilojulikana. Majina mengi ya bidhaa yamefia hapo, yanaimbwa na watoto mtaa mzima huku hakuna anayejua wanaimba nini. Jina liwe kwenye noti ya mwisho, ile inayobaki ikining'inia, na litamkwe angalau mara tatu ndani ya sekunde 30. Vina pia vina kazi yake kubwa: sentensi yenye vina husikika ya kweli zaidi kuliko isiyo na vina yenye maana ileile, jambo ambalo wazee wetu wa methali walilitumia kabla maabara hazijalithibitisha.

Tamaa ya mdomo ni suala la upigaji picha, na hapa chakula cha maziwa kina matatizo yake. Mtindi chini ya taa za joto hulegea na kuanza kutenga maji ndani ya dakika chache, yaani unaikana ahadi yako mbele ya kamera. Tumia taa za LED. Njoo na pakiti 15 hadi 20 kwenye kisanduku cha barafu, na kila mara mpiga picha anaporudia, fungua mpya. Panga taa na umbali kwa kutumia pakiti kuukuu, ile nzuri itoke kwenye barafu kila kitu kikiwa tayari. Taa kuu iwe nyuma na pembeni ya bakuli. Ukiimulika kutoka mbele, kitu cheupe kinakuwa bapa kama chokaa. Bakuli liwe la rangi, udongo au buluu iliyokolea, ukingo mweupe uonekane. Kijiko kipande polepole, na picha ipigwe kwa fremu 100 hadi 200 kwa sekunde: ikichezwa kwa 25, mdondoko wa sekunde moja unakuwa wa sekunde 4 hadi 8, na uzito wa mtindi unaonekana bila msimulizi kusema "mzito". Kwa kasi hiyo ya kamera utahitaji mwanga mara nne hadi nane ya kawaida, mwambie fundi mapema, vinginevyo picha itakuja na chengachenga.

Watakushauri utumie gundi nyeupe badala ya mtindi, kwa kuwa haitengi. Kataa. Kupuliza matone ya glisarini nje ya pakiti ili ionekane baridi ni pambo tu, halimdanganyi mtu kuhusu ubora wa kilichomo. Lakini ukidai mtindi hautengi maji huku unachoonyesha ni gundi, umetengeneza ushahidi wa uongo wa dai lenyewe. Colgate-Palmolive walinaswa hivyo Marekani: tangazo la sabuni yao ya kunyolea lilionyesha msasa ukinyolewa, kumbe kilichonyolewa kilikuwa plastiki ngumu iliyomwagiwa mchanga. Kesi ilifika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo na mwaka 1965 wakashindwa. Campbell's nao walibanwa baada ya kutumbukiza gololi za kioo kwenye bakuli la supu ili mboga zielee juu. Kwetu, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Madai kuhusu chakula, mtindi ukiwemo, yanasimamiwa na TBS, Shirika la Viwango. Usithubutu kusema unatibu vidonda vya tumbo, hata kama wateja wako wanasema hivyo, maana hapo unaingia uwanja wa dawa na wa TMDA, mamlaka inayozisimamia.

Kuhusu uso wa anayekula, mwigizaji wako anatikisa kichwa, anafumba macho na kusema "mmmh" hadi inachekesha. Haina haja. Mwongozaji filamu Mrusi Lev Kuleshov alionyesha, filamu zikiwa bado changa, kwamba uso uleule uliotulia ukiunganishwa na bakuli la chakula watu wanauona una njaa, ukiunganishwa na jeneza wanauona una huzuni. Mkato unafanya kazi ya kuigiza. Weka mtindi ukidondoka, kisha uso uliotulia ukitazama chini, kisha bakuli tupu.

Na watu wanaofanana na mtazamaji: mezani paonekane pa kwetu. Ugali wa jioni, sahani za udongo, kanga begani, sauti ya mtu wa Moshi anavyoongea kweli, si Kiswahili cha mtangazaji wa habari. Chagua tukio moja la nyumbani na ulishikilie miaka. Mtindi na ugali wa usiku ni tukio linalotokea kila siku, basi kila ugali ukisongwa utakuwa unakutangazia bure. Kwa soko la Arusha ungeweza kufikiria loshoro, chakula cha mahindi na maziwa ya mgando, lakini tayari ni tukio la pili, na fedha zako zinatosha moja.

Kuna ushauri utaupata na ninauchukia: lenga watoto, watawasumbua mama zao dukani. Watoto walio chini ya miaka 7 au 8 hawaelewi kwamba tangazo lina nia ya kuwauzia. Wanalichukua kama habari. Sweden ilipiga marufuku kabisa matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12. Kwetu hakuna atakayekukamata kwa mtoto anayeonekana akila mtindi, ila mama aliyegombana na mtoto mbele ya friji hakumbuki jina lako kwa wema.

Zile picha za siri ni hadithi. Mwaka 1957 James Vicary wa Marekani alitangaza kwamba amepandisha mauzo ya bisi na Coca-Cola kwa kupitisha maandishi ya haraka mno kwenye skrini ya sinema, na mwaka 1962 akakiri kwamba takwimu hazikuwa za kweli. Kijana wako akikuletea huduma hiyo, mkaribishe chai, msindikize.

Kosa kubwa zaidi la fedha halikuwa kwenye tangazo hata kidogo. Ulirusha kwenye kituo cha taifa. Umelipia macho ya Mwanza, Mtwara na Kigoma, ambako hakuna friji yenye mtindi wako. Tena spoti zako kumi, yaani mara kumi tangazo liliporushwa, zilikaa kwenye wiki mbili, nyingi baada ya taarifa ya habari ya saa mbili usiku, muda wa bei ya juu kuliko yote. Mtafiti wa matangazo Herbert Krugman alipendekeza mwaka 1972 kwamba mtu anahitaji kuliona tangazo kama mara tatu: ya kwanza anajiuliza hiki nini, ya pili kinanihusu nini, ya tatu ni kumbusho. Si hesabu ya kukariri, ila inakuonyesha kwamba spoti kumi zilizotawanyika hazikumfikia mtu yeyote mara tatu. Na kwa kuwa kusahau ni kwa kasi saa za mwanzo na hupungua baadaye, jambo ambalo mwanasaikolojia Hermann Ebbinghaus alichapisha vipimo vyake mwaka 1885, ni afadhali spoti mbili kwa siku kwa siku tano kuliko kumi ndani ya siku moja.

Kwa hiyo fanya hivi. Tangazo la sekunde 60 limalize kazi yake hapo. Mpe mhariri akukatie la sekunde 15 kutoka kwenye picha ulizonazo, ukiongeza siku moja ya kupiga picha za pakiti, bakuli na meza. Sekunde 2 za kwanza: ukimya, kisha kijiko kikidondosha mtindi, jina tayari likiwa kwenye kona. Hadi sekunde ya 7: mchekeshaji (yeye umeshamlipa, mtumie) anageuza bakuli juu chini na mtindi haudondoki wala hautoi maji. Hakikisha ni mtindi wako wa siku ya tatu kweli. Ukidondoka, badilisha wazo, usibadilishe mtindi. Hadi ya 11: meza ya ugali, uso, bakuli tupu. Sekunde 4 za mwisho: pakiti peke yake, imejaza theluthi mbili ya skrini, imesimama wima, upande uleule unaoonekana kwenye friji, na jingo likiishia kwenye jina. Namba ya simu iondoke. Hakuna anayepiga simu kuulizia nusu lita ya mtindi.

Kabla ya kurusha, lichanganye na matangazo mengine matano, uwaonyeshe watu 15 wasiokujua, ikiwezekana wanaosubiri gari stendi. Usiwaulize kama wamelipenda. Watasema ndiyo kwa adabu. Chukua namba zao, wapigie kesho yake, uliza: "Jana uliona matangazo gani? Yalikuwa ya nani?" Wakitaja jina lako chini ya 8, rudi kwa mhariri.

Sauti yake ikate iwe tangazo la redio za Moshi na Arusha, jingo lilelile, mlio uleule wa kijiko. Aliyeliona kwenye skrini atajionea picha mwenyewe akisikia, na redio ni bei ya chini mno kuliko televisheni. Mabasi ya kati ya Moshi na Arusha yenye skrini ni soko jingine ambalo wenye bidhaa ndogo hawalioni: kilomita karibu 80, abiria hawana pa kwenda. Zungumza na wamiliki moja kwa moja. Televisheni ukiirudia, iwe kwenye kituo au kifurushi kinachouza muda kwa kanda, na uombe nafasi ya kwanza ndani ya mapumziko, kabla watu hawajanyanyuka. Dai ripoti ya urushaji yenye tarehe na saa za kila spoti, ulinganishe na ulicholipia. Spoti zinazorukwa ni za kawaida, na anayedai hulipwa nyingine.

Anza tarehe 10 Novemba hivi. Ukianza Desemba yenyewe utachelewa: kuanzia katikati ya mwezi huo wenyeji wa Kilimanjaro wanarudi nyumbani, Moshi inajaa, friji za maduka zinabaki tupu, na hao ndio watakaobeba jina hadi Dar es Salaam. Ila kabla ya spoti ya kwanza kuruka, zungukia kila duka linalouza mtindi wako, ubandike kwenye mlango wa friji picha ya ile fremu ya mwisho, pakiti na jina, kwa rangi zilezile. Duka ambalo pakiti zimekwisha usilibandike mpaka umelipelekea mzigo.